Malaika wa Caravaggio: yanayosemwa na yanayoonekana

Akiona mchoro wa Kibaroko, mtindo wa sanaa ya Ulaya ya karne ya 17, wenye giza totoro, mtu husema umechakaa, umekula moshi wa mishumaa. Ni kweli vanishi hugeuka manjano na kukolea kadiri miaka inavyopita. Lakini giza la Caravaggio, mchoraji wa Italia, alilipaka mwenyewe: turubai lilianza na rangi nzito ya udongo, mwanga ukaja baadaye juu yake. Tazama mchoro wake wa Mathayo na malaika wa mwaka 1602, ulio juu ya altare katika kanisa la San Luigi dei Francesi, Roma. Nyuma hakuna ukuta wala dirisha, ni weusi mtupu. Mbele yupo mzee mwenye joho la rangi ya chungwa lililoiva, na jicho halina pengine pa kwenda.

Wengine huamini mwanga hutoka kwa malaika, au kwenye duara la utakatifu. Duara la Mathayo ni uzi mwembamba tu, halimulikii hata sikio lake. Mwanga unatoka nje ya mchoro, na malaika naye unamwangukia vilevile, mikunjo ya nguo yake nyeupe ikijaa vivuli. Hapo ndipo ninaponaswa kila mara: mjumbe wa mbinguni na mzee wa duniani wanapata nuru moja. Malaika anahesabu kwa vidole. Wengi husema anamtajia ukoo wa Yesu, ambao ndio mwanzo wa Injili ya Mathayo. Mzee amegeuza shingo, goti moja liko kwenye kigoda, na mguu mmoja wa kigoda umechomoza ukingoni, karibu kuanguka. Mshtuko wote umo katika kile kigoda.

Kuna wanaodhani miguu mitupu ya watakatifu wake ni dharau. Mchoro wa kwanza wa Mathayo ulikataliwa, na Bellori, mwandishi wa maisha ya wasanii, aliandika baadaye kwamba miguu ile ilichukiza. Mimi naona unyenyekevu: malaika ameushika mkono wa mzee, anamwongoza kuandika. Mchoro huo uliteketea Berlin mwaka 1945, zikabaki picha zisizo na rangi. Rangi zake mnazoziona mtandaoni ni za kukisia.

Wala si kweli kwamba Caravaggio alijua giza tu. Mchoro wake wa Mapumziko ya safari ya Misri, wa miaka ya 1590, ni mchana mweupe. Malaika ametugeuzia mgongo, anapiga fidla. Yosefu amemshikia karatasi ya noti za muziki, wayo mmoja juu ya mwingine kama mtu aliyetembea sana. Noti zinasomeka: ni muziki wa mtunzi Noel Bauldewijn, wenye maneno ya Wimbo Ulio Bora. Maria hausikii, amesinzia, shavu lake juu ya kichwa cha mtoto.