Naivasha: "Jua linawaka, tushuke tu korongoni"

Kauli hii wateja wa utalii kutoka Nairobi huitoa karibu kila wikendi, na ndiyo inayoua. Mtu anatazama mbingu juu ya Geti la Elsa, anaiona safi, anateremka korongo la Ol Njorowa katika mbuga ya Hell's Gate. Lakini maji yanayojaza korongo hayatoki kwenye mbingu hiyo. Mvua hunyesha kwenye miinuko ya mbali, maji yakateremka kwa vijito vilivyokuwa vikavu, yakaingia korongoni kwa mkupuo mmoja. Kuna mahali kuta zimebanana hata pa kukwepea hakuna. Aprili 2012 walikufa vijana 7. Septemba 2019 wakafa watu 7 wengine, na Septemba si masika wala si vuli, kwa hiyo msiniambie mtakwenda kiangazi.

Korongo lenyewe ni njia ya maji tangu zamani. Ziwa Naivasha la kale lilikuwa kubwa kuliko la leo, likafurika kuelekea kusini na kuuchimba mwamba. Kuta laini mnazopigia picha zilisuguliwa na maji.

Basi, getini muulize askari wa Shirika la Wanyamapori Kenya (KWS) kama korongo limefunguliwa na kama jana kulinyesha huko juu. Akisema msishuke, msishuke, hata kama mmetoka Nairobi alfajiri. Mkiruhusiwa, chukueni mwongozaji, na kabla ya kushuka awaonyeshe sehemu za kutokea. Mkiona maji yamegeuka tope au mkisikia mngurumo, pandeni juu papo hapo kwa njia iliyo karibu. Msikimbie kufuata korongo, maana maji yatawapita. Begi liacheni. Na kusema kweli, baiskeli juu kwenye uwanda, katikati ya pundamilia hadi nguzo ya mwamba iitwayo Mnara wa Fischer, inatosha kabisa kwa siku moja.

Kauli nyingine za wateja ni hizi. "Hell's Gate ni jina la mvuke wa ardhini wa Olkaria." La. Wapelelezi Fischer na Thomson waliliita hivyo mwaka 1883 kwa sababu ya mwanya mwembamba kati ya magenge.

"Ziwa ni la chumvi, tutaona heroe." Naivasha ni maji baridi. Mito Malewa na Gilgil huyaleta, kisha maji hupenya chini ya ardhi na kuondoka na chumvi. Heroe hutaka maji ya magadi, kwa hiyo endeleeni na barabara ya Nakuru hadi Elmenteita.

"Boti ni saa yoyote." Jina lenyewe latokana na Nai'posha ya Wamaasai, maji yanayochafuka. Upepo huamka alasiri. Pandeni kabla ya saa tatu asubuhi, na jaketi la kuokolea lifungwe kamba zote, si kuvikwa begani tu.

"Kiboko nchi kavu ni mzito." Anamshinda mtu mbio. Usiku hutoka kula nyasi hadi kwenye bustani za hoteli, kwa hiyo kutoka mezani kwenda chumbani mwiteni askari awasindikize, na kamwe msisimame kati ya kiboko na maji.