Maana ya kamera ya kudumu kwenye pikipiki

Kamera ya kudumu ya pikipiki ni kifaa cha kurekodi safari kinachofungwa kwenye chombo chenyewe na kutumia umeme wa betri yake, kikaanza kazi mara ufunguo unapozungushwa. Kamera iliyobandikwa kwenye helmeti yaweza kukaa hapo mwaka mzima bila kubanduka, lakini haihesabiwi kuwa ya kudumu, kwa sababu mwenyewe hulazimika kuichaji usiku na kukumbuka kuiwasha. Mwendeshaji anayeondoka stejini Kondele, Kisumu, alfajiri, akiwa na abiria anayewahi basi, hana muda wa kutafuta kitufe.

Kwa kawaida kifaa hicho huwa na kisanduku kidogo kinachofichwa chini ya kiti na lenzi mbili zisizoingia maji. Ya mbele hukaa chini ya taa kubwa. Ya nyuma huwekwa karibu na kibati cha namba, mahali ambapo gurudumu haliirushii tope moja kwa moja, wala haifungwi juu ya keria, kwani mtu anayebeba mkaa kutoka Molo hadi Nakuru atarekodi gunia tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa maoni yangu lenzi hii ya nyuma ndiyo yenye thamani zaidi: kilicho mbele mwendeshaji hukiona mwenyewe, ilhali lori linalomjia kwa nyuma katika mteremko wa Salgaa pengine hatalisimulia kamwe.

Ugumu wa kazi umo katika umeme. Betri ya pikipiki hutoa takriban volti 12, na kamera nyingi hutaka volti 5, kwa hiyo kipunguza volti huwekwa kati yake. Waya mwekundu, yaani wa chanya, unapaswa kuchukuliwa mahali panapopata umeme ufunguo ukiwa umewashwa tu, ukapitia fyuzi ndogo iliyo karibu na chanzo, na waya wa hasi ukarudi kwenye betri au kwenye fremu palipokwanguliwa rangi. Mafundi wenye haraka huunganisha kamera na waya wa taa kubwa kwa sababu ndio ulio karibu. Katika pikipiki nyingi ndogo, taa hiyo hulishwa na koili ya injini pasipo kupitia betri, na nguvu yake hupanda na kushuka kadiri mtu anavyovuta mafuta. Kamera hujizima kila pikipiki inaponguruma polepole kwenye foleni, au huungua kabisa.

Zipo kamera zinazoendelea kulinda chombo kikiwa kimeegeshwa. Kwenye gari jambo hili halina shida kubwa, lakini kwenye pikipiki hesabu ni kali: kifaa kinachotumia miliampea 200 humaliza ampea-saa 4.8 (kipimo cha akiba ya umeme wa betri) kwa siku moja, na betri ya ampea-saa 5 huwa imekwisha. Mwenye pikipiki ya kupiga teke ataondoka. Mwenye kutegemea stata atasukuma.

Rekodi huandikwa kwa mzunguko, yaani katika vipande vya dakika chache, na kadi inapojaa kipande cha zamani zaidi hufutwa ili kipya kipate nafasi. Lenzi mbili zikitumia gigabaiti 10 kwa saa, kadi ya gigabaiti 64 huhifadhi takriban saa sita, muda mfupi kuliko zamu ya bodaboda. Ndiyo maana kuna kihisi cha mshtuko, ambacho hufunga kipande kilichorekodiwa wakati wa kishindo kisifutwe. Kwenye barabara ya murram kihisi kilichoachwa kikali mno huchukulia kila shimo kuwa ajali, na kadi hujaa vipande visivyofutika. Kipunguzwe ukali, na kisanduku kilazwe juu ya mpira wa kupunguza mtetemo wa injini.

Rekodi ikihitajika mahakamani, Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, hudai cheti kinachoeleza jinsi rekodi ya kielektroniki ilivyopatikana na kifaa kilichoitoa. Kwa hiyo baada ya ajali kadi itolewe mapema kabla mzunguko haujaifikia, ihifadhiwe ilivyo, na nakala ndiyo itumwe kwa simu. Saa ya kamera nayo ikaguliwe mara kwa mara, kwa kuwa betri ikitolewa kwa matengenezo, baadhi ya kamera hurudia tarehe ya kiwandani, na picha safi ya tukio ikatoka na mwaka usio wake.