Tarehe ya Kwenye Pakiti Haitoshi: Kukagua Sanduku la Huduma ya Kwanza

Watu wengi wakikagua sanduku la huduma ya kwanza hutazama tarehe tu. Ikiwa haijapita, wanafunika na kulirudisha juu ya kabati. Kwangu mimi tarehe ni ya tatu. Kwanza natazama kama kifaa chenyewe kipo, maana masanduku mengi ya Nairobi hayajaharibika, yameliwa: plasta zimechukuliwa moja moja kwa ajili ya malengelenge ya viatu vipya, mkasi umekwenda kufungua pakiti za maziwa, na hakuna aliyerudisha kitu. Pili natazama hali ya kifaa. Ndipo nisome tarehe.

Tarehe hiyo ni ahadi yenye masharti. Mtengenezaji anasema kitu kitafaa hadi siku ile kikikaa pakavu, mbali na jua, na mara nyingi chini ya nyuzijoto 25 au 30; masharti yenyewe yameandikwa hapo hapo kwenye pakiti kwa herufi ndogo. Gari lililoegeshwa juani tangu asubuhi mwezi wa Februari linaweza kupita nyuzi 50 ndani, hata kama nje ni 28 tu. Plasta ya 2028 iliyokaa miezi sita kwenye dashibodi huenda gundi yake imeshakufa. Kwa hiyo sanduku la gari au la matatu likae chini ya kiti, lisikae kamwe nyuma ya kioo, na vidonge visiwekwe humo kabisa. Nyumbani, mahali pabaya ni pawili: bafuni kwa sababu ya mvuke, na juu ya jiko.

Kuisoma tarehe nako kuna mitego. EXP 03/2027 maana yake kifaa kinafaa hadi tarehe 31 Machi 2027, si tarehe mosi. Kwenye shashi na glavu mara nyingi hutaona EXP; utaona picha ndogo ya kipimasaa cha mchanga, na kando yake mwaka na mwezi. Picha ya kiwanda ni tarehe ya kutengenezwa, na hizi mbili huchanganywa kila siku. Namba 2 iliyokatwa kwa mstari inamaanisha kitumike mara moja tu. Ukikuta 05/06/27 na hujui bidhaa imetoka wapi, ihesabu kuwa tarehe 6 Mei, ile ya mapema.

Sasa shika vitu mkononi. Anza na shashi zisizo na vijidudu, kwa sababu ndizo zinazogusa kidonda chenyewe. Inua pakiti mbele ya dirisha. Upande mmoja ni karatasi, mwingine plastiki, na pembeni kuna ukanda ulioshikwa kwa joto. Pitisha kidole gumba juu ya ukanda huo pande zote nne. Pakiti nyingi hutobokea kwenye kona, zilipobanwa na ncha ya mkasi, na tundu la ukubwa wa sindano linatosha kuingiza hewa na vumbi. Doa la manjano au karatasi iliyojikunja kama iliyowahi kulowa linasema unyevu ulipita, hata kama sasa imekauka. Hiyo haifuniki tena jeraha, tarehe iwe yoyote.

Plasta: toa moja, ibandike nyuma ya mkono, kunja na kunjua kiganja mara kumi. Ikianza kung'oka pembeni, boksi zima ni la kubadilisha, kwa sababu zote zimepata joto lile lile. Plasta za kila saizi ziwepo, lakini usisahau zile ndefu za kukata kwa mkasi. Mwanguko wa boda boda haukwangui ngozi kwa kipimo cha plasta ya kidole.

Glavu za mpira wa asili huzeeka haraka kuliko za nitraili, yaani mpira wa kutengenezwa kiwandani: hunata zenyewe kwa zenyewe, kisha hupasuka kwenye kifundo unapozivuta. Wapo pia watu wenye aleji ya mpira huo. Nunua nitraili, na zihifadhi jozi moja moja ndani ya mfuko mdogo unaofungika, si zote kumi katika bonge moja. Bendeji ya kripu ivute kidogo uone kama inarudi. Iliyolegea imebaki kitambaa cha kufungia mizigo. Kipimajoto cha dijitali kiwashe, na uwe na betri ya akiba, nyingi hutumia ile ndogo ya kitufe iitwayo LR41. Betri za tochi zikae nje ya tochi, pembeni yake, zisije zikavuja humo ndani.

Vichupa vya maji ya chumvi vya mililita 20 viminye: kikitoa tone, tupa. Kikishafunguliwa kinatumika papo hapo, hakuna cha kubakiza kwa kesho. Chupa ya povidoni ayodini, dawa ya kuua vijidudu kwenye ngozi, iandikwe siku ilipofunguliwa, kwa kalamu isiyofutika. Dawa ya macho iliyofunguliwa, kwa kawaida wiki nne na inatosha, na ni ya mtu mmoja. Pakiti ya ORS, ile chumvi na sukari ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha, ikiganda kama jiwe imepata unyevu.

Halafu kuna vya kuondoa, na hapa ndipo watu hunibishia. Pamba ya mviringo: inaacha nyuzi ndani ya kidonda, tumia shashi. Spiriti na haidrojeni peroksaidi: vinachoma nyama mbichi inayojaribu kupona, kidonda kinasafishwa kwa maji safi yanayotiririka au maji ya chumvi. Kipimajoto cha zebaki: kikivunjika una tatizo jipya. Antibayotiki zilizobaki za mtu aliyepona: hizo si huduma ya kwanza hata kidogo.

Kwa nyumba ya watu wanne hadi sita, kiasi ninachoona kinatosha ni shashi 10 za sentimita 10 kwa 10, bendeji za kripu 2 za sentimita 7.5 na 2 za sentimita 10, bendeji 2 za pembetatu, plasta 20 mchanganyiko, tepu 1, glavu jozi 5, vichupa 5 vya maji ya chumvi, mkasi butu, kibano na pakiti chache za ORS. Duka la dawa la mtaani litakuuzia vyote kimoja kimoja. Masanduku yaliyofungwa tayari hupendeza, ila mengi hujazwa plasta ndogo na vitambaa vya kupangusia ambavyo vinakauka kabla ya mwaka kwisha.

Upande wa ndani wa kifuniko bandika kadi yenye safu tatu: kitu, idadi, tarehe ya kuisha. Panga kuanzia kinachoisha kwanza, na ndani ya sanduku kiweke mbele. Kagua kila baada ya miezi mitatu, na siku ile ile kitu kinapotumika, kabla hata damu haijakauka sakafuni. Kaguzi mbili ziangukie kabla ya mvua za Machi na za Oktoba, unyevu haujaanza. Kazini, Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka sanduku liwe chini ya mtu maalum, na ndani yake kusiwe na kitu kingine ila vya huduma ya kwanza. Chaja, risiti na funguo za stoo zitafutiwe makao mengine. Kufuli pia: sanduku lililofungwa na mwenye ufunguo yuko likizo ni pambo la ukuta.

Kitu kimoja hakiingii kwenye sanduku. Aliyeungua anahitaji maji baridi yanayomwagika juu ya jeraha kwa dakika 20, na katika mitaa yetu mingi mfereji una siku zake. Ukimwaga taratibu lita moja kwa dakika, hizo ni lita 20: mtungi mmoja. Uweke karibu na jikoni, uandike juu yake "MOTO", badilisha maji kila wiki, na nyumba nzima ijue hayafulii nguo. Usimpake dawa ya meno wala siagi; zibaki kwa kazi zake.

Ukishatoa vya zamani, usimwage dawa chooni. Uliza kwanza kama duka lako la dawa linazipokea. Lisipozipokea, toa vidonge kwenye karatasi zake, vichanganye na majani ya chai yaliyotumika, funga vizuri, na uchane boksi lenye jina. Taka zetu nyingi huishia kwenye jaa la Dandora, na huko wapo wanaochambua wakitafuta cha kuuza. Bendeji na shashi zilizopitwa na muda usizitupe. Ziandike "MAZOEZI" kwa wino mwekundu, uziweke kwenye mfuko tofauti mbali na sanduku, na watoto wajifunze nazo kufunga mkono.