Kashe ya seva ya kuruhusu wateja: "hapana" isitoke kwenye kumbukumbu

Stima ikipotea Manyatta, seva yangu inapumzika. Kazi huanza ikirudi. Ruta 400 za wateja ninaowauzia intaneti zinawaka karibu kwa pamoja, na kila moja inapiga hodi kwenye FreeRADIUS (programu ya seva inayoamua nani aingie), hapa mjini Kisumu, ikiomba kuingia. Zamani skripti yangu, programu fupi ya lugha ya Perl, ilikimbilia hifadhidata kwa kila hodi: nywila gani, kasi gani, kifurushi kinaisha lini. Hifadhidata ikilemewa, jibu linachelewa. Ruta inachoka kungoja, inaanza upya, na huko kuanza upya ni ombi jingine. Foleni ikawa inazaa foleni.

Nikaamua skripti ivute orodha ya wateja wote waliolipa kwa swali moja, iishike kwenye kumbukumbu dakika 10. Hiyo ndiyo kashe. Swali moja la mistari 400 ni jepesi kuliko maswali 400 ya mstari mmoja mmoja. Foleni iliisha siku hiyohiyo.

Kisha mama mmoja wa Kondele, muuza samaki, akanipigia saa moja usiku. Amelipa kwa M-Pesa. "Kijana wangu, nikiizima na kuiwasha, mara inaingia, mara inanikataa." Nikafungua logi: amekubaliwa, amekataliwa, amekubaliwa tena, ndani ya dakika nne. Hifadhidata ilionyesha amelipa muda wote huo.

FreeRADIUS hugawa kazi kwa nyuzi kadhaa, yaani njia za kazi zinazoenda sambamba. Kwa mipangilio yake ya kawaida huanza na 5 na inaweza kufika 32. Kila uzi hupewa nakala yake ya Perl pamoja na vigeu vyake vyote (data inayoshikwa), ikiwemo orodha. Nilidhani nina orodha moja, kumbe ninazo nyingi, kila moja na umri wake. Ombi la mama likiangukia uzi uliovuta orodha kabla hajalipa, anafungiwa mlango. Niliumia, maana pesa yake ilikuwa imeshaingia.

Kupunguza dakika pekee kusingetosha. Kosa langu lilikuwa kuhifadhi uamuzi: huyu aingie, huyu asiingie. Sasa nahifadhi nywila, kasi na saa ya kuisha kwa kila mteja, awe amelipa au hajalipa, na skripti inalinganisha na saa ya sasa kila mara. Kumbukumbu ikisema ndiyo, mteja anaingia papo hapo, na ruta inapewa idadi ya sekunde zilizobaki. Ikisema hapana, skripti haina ruhusa ya kumkataa kabla haijaiuliza hifadhidata kuhusu huyo mmoja. Ruta za walioishiwa na muda hupiga hodi usiku kucha, kwa hiyo "hapana" iliyothibitishwa naishika sekunde 10 tu.

Orodha yenyewe sasa inadumu dakika 2. Mteja akibadilisha nywila, mpya inafanya kazi mara moja, kwa kuwa isipolingana skripti inaenda kuuliza. Ile ya zamani bado inafungua mpaka dakika hizo 2 ziishe. Kwa akaunti iliyoibiwa siwezi kukubali hilo, kwa hiyo hizo nazifunga mwenyewe kwenye ruta kuu.