Mkalimani wa Kigurage? Kigurage Kipi?

Simu ya tatu mwezi huu: “Tunataka mkalimani wa Kigurage, kesho saa nne.” Nikauliza, kipi? Kimya. Kisha: “Kwani viko vingapi? Si lahaja tu hizo?”

Hapo ndipo ninapochoka. Gurage ni jina la watu na eneo lao, kusini-magharibi mwa Addis Ababa; si lugha moja. Kisilte cha mji wa Worabe, nacho huitwa Kigurage, kina undugu wa karibu zaidi na Kiharari cha mji wa Harar, mbali huko mashariki, kuliko na Kichaha, Kigurage cha jirani. Wasilte wenyewe walipiga kura mwaka 2001 kwamba wao si Gurage. Kisoddo nacho, mwanaisimu Robert Hetzron alikiweka kundi moja na Kigafat, lugha iliyokwisha kufa. Niliwahi kumpeleka Msilte kwa mzee wa Inor, Gurage wa magharibi. Wakaamkiana kwa heshima zote, halafu wakahamia Kiamhari. Mteja alilipa vilevile.

Ukitaka lahaja, nenda Sebat Bet, yaani “nyumba saba”. (Saba unaisikia, na beti za shairi zimetokana na bayt, nyumba ya Waarabu.) Huko Chaha, Ezha, Gumer na Gura wanaelewana. “Alivunja” kwa Ezha ni säbbäräm, b imekazwa, yaani hutamkwa ndefu. Kwa Chaha ni säpäräm, urefu huo umepotea na b imekuwa p. Hiyo ndiyo tofauti ya lahaja.

Kwa hiyo usimuulize mtu kama anasema Kigurage, atakubali tu. Muulize mama yake ni wa wapi.

Madai mengine kuhusu Kigurage niyamalize haraka. Eti ni Kiamhari kilichoharibika: wapi! Ni binamu, hakuna aliyemzaa mwenzake. Pale tunapopachika -m- kwenye “nilimpiga”, Kichaha huweza kuviringa midomo tu kwenye konsonanti ya kitenzi. Kiamhari hakina hilo. Eti ni Kiarabu, kwa sababu ya hiyo saba: sisi Waswahili ndio tuliokopa kwa Waarabu, wao wamerithi kwa mababu wa lugha za Kisemiti. Eti hakiandikwi: huandikwa kwa herufi za Ge'ez, zilezile za Kiamhari, na mwaka 2021 Unicode, orodha ya herufi za kompyuta, iliongeza herufi mahsusi za Gurage.

Yule wa simu alinirudia jioni. Mama ni wa Gumer. Nikampangia Mchaha, saa nne ileile.