Boti ya tanga ya mita 6: kuiandaa kwa bahari na kwa mto

Boti ya tanga ya mita 6 au 7 inamtosha anayetaka kufuata pwani kwa wiki kadhaa, kisha aingie mlango wa mto na kupanda nao bara. Tatizo ni kwamba maji hayo mawili yana madai tofauti. Baharini unataka mlingoti usiocheza na nanga ya kutegemewa. Mtoni mlingoti huohuo unagomba na kila daraja, na mkuku, yaani uti wa chini ya boti, unatafuta kina ambacho hakipo. Kwa hiyo mimi huanzia kwenye chochote kinachoweza kuingiza maji, kisha naenda kwenye vile vinavyobadilika kati ya maji chumvi na maji baridi. Godoro na mapazia vitangoja.

Boti ikiwa bado nchi kavu, hesabu matundu yote yaliyo chini ya mstari wa maji. Kila vali ifunguke na kufungika kwa mkono bila kuhitaji spana. Kila mpira uwe na klipu mbili za chuma cha pua, na kando ya kila vali ning'iniza kizibo cha mti laini kilichochongoka, kimefungwa kwa uzi. Tundu la sentimita 4 lililo sentimita 30 chini ya maji huingiza takriban lita 110 kwa dakika. Hakuna mtu atakayeweza kufua maji hayo kwa pampu ya mkono kwa muda mrefu, lakini kizibo na nyundo vinalimaliza kwa sekunde chache. Pampu yenyewe iwekwe pale ambapo aliyeshika kana (mkono wa usukani) ataifikia bila kuuacha usukani.

Maji mengi yanayoonekana ngamani, yaani chini kabisa ndani ya boti, hata hivyo hutoka juu, kwenye bolti zinazoshika vyuma vya sitaha. Watu hupaka silikoni pembeni mwa chuma na kudhani wamemaliza kazi. Wiki mbili baadaye maji yanapita palepale. Fungua chuma, kwangua uchafu wote, panua kidogo mdomo wa tundu kwa keekee ili gundi ipate pa kukaa, zungushia bolti utepe wa butili, kisha kaza taratibu. Utepe ukitokeza pembeni, rudia kukaza kesho yake. Kama sitaha ya faiba ina mbao katikati na ukiigonga inatoa sauti ya kufa, mbao zimeshaoza, na hapo gundi haisaidii kitu.

Sasa mlingoti. Pima urefu kutoka usawa wa maji hadi ncha ya juu kabisa, antena ikiwemo, wakati boti haina mzigo, kwa sababu ndipo inapoelea juu zaidi. Ongeza sentimita 30 za usalama na uandike namba hiyo mahali utakapoiona ukiwa umeshika kana. Mvua ikijaza mto kwa nusu mita, nafasi chini ya daraja imepungua nusu mita. Karibu na mlango wa mto kuna mtego mwingine: maji yakijaa daraja linakubana juu, yakipwa tope linakubana chini. Huko kupita ni kwa saa, si kwa siku. Nyaya za umeme zipe nafasi kubwa zaidi ya daraja lolote, maana umeme huweza kuruka kabla mlingoti haujaugusa waya.

Mlingoti wenye bawaba chini huonekana mwepesi hadi ufike karibu kulala. Hapo waya ya mbele inakuwa sambamba na mlingoti na haivuti tena juu. Mzigo wote unaangukia mikono ya mtu. Dawa yake ni mti wa mita 2 unaokaa kwenye kitako cha mlingoti ukielekea omo (mbele ya boti). Kwenye ncha yake funga henza (kamba ya kupandishia) ya tanga la mbele, kisha kutoka ncha hiyohiyo shusha demani (kamba ya kuongozea tanga) pamoja na makapi yake hadi omo. Mlingoti unapolala nyuma, mti unasimama, na pembe ya kuvuta inabaki nzuri mwanzo hadi mwisho. Mtu mmoja anaweza kulegeza kamba polepole, huku mwingine akipokea ncha ya mlingoti tezini (nyuma ya boti).

Linalovunja vyuma zaidi ni kuyumba ubavuni. Bolti ya bawaba ikiwa juu ya sehemu waya za ubavuni zilipofungwa, waya hizo hulegea kadiri mlingoti unavyoshuka, na wimbi dogo la boti inayopita linatosha kuupindua pembeni na kuing'oa bawaba. Funga kamba mbili za muda kutoka katikati ya mlingoti hadi kingo za sitaha, kila moja kwenye nukta iliyo mkabala na bolti ya bawaba na kwa kimo kilekile. Zikikaa hapo hazilegei wala hazikazi. Kama waya zimefungwa juu kuliko bolti, mambo ni kinyume: zitakaza, na ukilazimisha zitang'oa vyuma vya sitaha. Fanya jaribio hili ukiwa umefunga boti mahali patulivu, si mbele ya daraja na mkondo ukikusukuma.

Mlingoti ukiwa chini ndio wakati wa kukagua waya. Pitisha kipande cha pamba toka juu hadi chini. Palipo na uzi uliokatika pamba itanasa. Angalia zaidi pale waya inapoingia kwenye kifungio chake, maana ndiko maji chumvi hukaa na chuma cha pua huliwa kwa ndani bila kuonyesha kutu kubwa. Uzi mmoja ukikatika badilisha waya nzima na ya upande wa pili. Kotapini (pini ndogo za kuzuia vifungio visifunguke) zipanuliwe kidogo tu kisha zifungwe utepe, ili ziweze kutolewa tena bila koleo na matusi.

Kumbuka pia kwamba taa iliyo kileleni na antena ya redio vinalala pamoja na mlingoti. Weka tezini nguzo fupi yenye taa nyeupe inayoonekana pande zote, na antena ya akiba ya kupachika. Sheria za kimataifa za kuzuia migongano za mwaka 1972 zinairuhusu boti ya chini ya mita 7, ikitumia mashine na kasi yake ya juu kabisa haizidi noti 7 (kama kilomita 13 kwa saa), kuonyesha taa moja ya aina hiyo, ila za kijani na nyekundu lazima ziwepo pia kama zinawezekana.

Nanga nisingependa kuona chini ya kilo 7 kwenye boti ya ukubwa huu, ikiwa na mnyororo wa milimita 8 wenye urefu wa mita 10, kisha mita 40 za kamba ya nailoni ya milimita 12. Nailoni hunyumbuka, kwa hiyo inameza mishtuko ya mawimbi. Amari, yaani mnyororo na kamba ya nanga kwa pamoja, huhesabiwa hivi: kina mita 3, maji yatajaa mita 2 zaidi, na omo iko mita 1 juu ya maji, jumla mita 6. Zidisha kwa 7, toa mita 42. Wengi husahau yale maji yatakayojaa, ndiyo maana nanga zao huburuzika usiku. Shakeli (pingu inayounga mnyororo na nanga) ikazwe na kufungwa kwa waya mwembamba. Mwisho wa amari ufungwe ndani ya boti kwa kamba inayoweza kukatwa kwa kisu. Mtoni ongeza kamba nyembamba kwenye kichwa cha nanga yenye boya juu yake, maana magogo yaliyozama hushika nanga, na kwa kamba hiyo utaichomoa kinyumenyume.

Upondo wa mita 3 uliotiwa alama kila sentimita 10 unapima kina cha mto vizuri kuliko kifaa chochote, na pia unakusukuma kutoka kwenye tope. Usukani uwe na pini inayouzuia kuchomoka wakati unapogonga mchanga. Kwenye mifereji yenye milango ya maji beba maboya sita ya ubavuni na kamba mbili zenye urefu mara mbili ya boti. Maji yanaposhuka usifunge fundo. Zungusha kamba na uilegeze kwa mkono, la sivyo boti itaning'inia ubavuni mwa ukuta.

Mashine ya hospawa 5 inatosha, lakini iwe ya shafti ndefu. Jaribio lake ni rahisi: mtume mtu omo ashike nanga. Lile bapa lililo juu ya pangaboi likitoka majini, mashine itafyonza hewa kila wimbi litakapoinua tezi. Impela (gurudumu dogo la mapezi) ya pampu ya maji huliwa na mchanga wa mito, na ikizunguka kavu huharibika upesi; beba ya akiba pamoja na plagi, kichujio cha mafuta na pini za pangaboi. Mafuta ya giaboksi yakiwa meupe kama maziwa, maji yameshaingia. Kwa mwendo wa noti 4, yaani kilomita 7 na kidogo kwa saa, panga lita 1 kwa saa. Kilomita 30 ni lita 4 kwenye maji yaliyotulia. Dhidi ya mkondo wa noti 2 ni lita 8.

Anodi, yaani kipande cha madini kinacholiwa badala ya vyuma vya boti, husahaulika kabisa. Zinki inalinda vyuma baharini, lakini kwenye maji baridi hujifunika utando na kuacha kazi. Magnesiamu inafaa mtoni, ila baharini huyeyuka haraka. Kwa safari ya kuchanganya weka ya alumini, na usiipake rangi.

Umeme: taa ya nanga, redio, na simu yenye ramani hula kama ampea-saa 17 kwa siku. Betri ya risasi ya ampea-saa 70 itumike nusu tu, hivyo una siku mbili. Paneli ya wati 50 inarudisha karibu yote jua likiwaka. Fyuzi iwe jirani kabisa na betri. Maji ya kunywa na kupikia, lita 4 kwa mtu kwa siku: watu wawili kwa wiki ni lita 56. Yagawe kwenye madumu ya lita 10, chini na karibu na mlingoti, ili dumu moja likiharibika usipoteze yote.

Ukishapakia kila kitu, lala usiku mmoja nangani kwenye upepo wa wastani. Asubuhi punguza tanga hadi safu ya pili ukiwa kwenye mawimbi, inua vibao vya sakafu uone kama ngama ni kavu, kisha tazama mstari wa maji. Boti ikiwa imezama tezini, anza kutoa vitu kwenye makasha ya nyuma.