Madaftari ya meli za kivita: kazi iliyo kabla ya skana na iliyo baada yake

Miradi mingi ya kufungua nyaraka za majini humwaga karibu fedha zote kwenye skana. Kwa maoni yangu hapo ndipo inapoanza kwenda mrama, kwa sababu kupiga picha ndiyo sehemu nyepesi. Ugumu uko kwenye wino kabla ya picha, na kwenye tarakimu baada yake.

Madaftari mengi ya kabla ya karne ya 20 yaliandikwa kwa wino wa tanini na salfeti ya chuma. Wino huo una asidi, na chuma kilichobaki huru ndani yake huchochea karatasi ijile yenyewe. Kwanza utaona rangi ya kahawia ikitokeza upande wa pili wa ukurasa. Baadaye mistari minene hupasuka na herufi nzima hudondoka. Ukurasa wa namna hiyo usiupake gundi ya maji, maana maji hubeba chuma hadi kwenye karatasi iliyokuwa nzima. Mhifadhi hupima kwanza kwa kipande cha karatasi chenye bathofenantrolini: kikigeuka chekundu, chuma huru kipo. Hapo viraka vya karatasi nyembamba ya Kijapani iliyopakwa jelatini ni salama zaidi, kwa kuwa huhitaji unyevu kidogo sana. Ghalani, weka unyevu wa hewa kati ya asilimia 35 na 60, usiopandapanda na kushukashuka. Ukizidi 65, kuvu huanza kuota.

Kwenye skana, daftari likae kwenye kitako chenye umbo la V, lifunguke nyuzi 90 hadi 120 tu. Mikono iliyonawiwa na kukaushwa yatosha. Glavu za pamba hunasa kingo zilizochanika. Piga kwa rangi, pikseli 300 hadi 400 kwa inchi, hifadhi kama TIFF (faili ya picha isiyopunguza ubora), na weka kadi ya rangi ndani ya fremu. Kurasa tupu nazo zipigwe, la sivyo msomaji hatajua kama ukurasa ulikuwa mtupu au ulirukwa. Jina la faili litokane na namba ya kumbukumbu, si jina la meli, kwani majeshi ya majini hurudia majina yale yale kizazi hadi kizazi.

Sasa tarakimu. Hadi 1805, meli za Jeshi la Majini la Uingereza zikiwa baharini zilianza siku saa sita mchana, yaani muda wa saa 12 kabla ya siku ya kawaida, ianzayo usiku wa manane. Tukio lililoandikwa saa tisa alasiri tarehe 10 Juni kwetu ni alasiri ya tarehe 9. Lakini la asubuhi ya tarehe 10 linabaki tarehe 10. Bandarini mara nyingi walirudi kwenye siku ya kawaida, kwa hiyo daftari moja laweza kuwa na hesabu mbili. Anayesahihisha tarehe kwa mkupuo mmoja huharibu nusu ya kazi.

Longitudo nayo ina mitego. Kabla ya makubaliano ya 1884 ya kuhesabu longitudo kutoka Greenwich, London, na hata miaka kadhaa baada yake, Wafaransa walihesabu kutoka Paris, iliyo nyuzi 2 na dakika 20 mashariki ya Greenwich. Ukisahau hilo, meli iliyo ikweta inahama takriban kilomita 260. Wengine walihesabu kutoka nchi kavu ya mwisho waliyoiona: nyuzi 10 magharibi ya rasi ya Lizard, kusini mwa Uingereza, ni nyuzi 15 na dakika 12 magharibi ya Greenwich.

Kwenye vipimo vya barometa, yaani vya kanieneo ya hewa, 1 na 7 za mwandiko wa zamani hufanana mno. Inchi 29.72 ikisomwa 29.12, umepunguza hektopaskali 20 (kipimo cha leo cha kanieneo) na kuzua dhoruba ambayo haikuwepo. Ndiyo maana mradi wa Old Weather, ulioanza 2010 kwa madaftari ya Jeshi la Majini la Uingereza ya enzi za Vita Kuu ya Kwanza, uliwapa watu kadhaa wa kujitolea ukurasa ule ule. Wasomaji watatu wasioonana ni kiwango kizuri. Wakitofautiana, linganisha na kipimo cha zamu iliyotangulia na ile iliyofuata.

Ninachosisitiza zaidi ni safu mbili kwenye jedwali: moja ya maandishi kama yalivyo, hata yakiwa na kosa dhahiri, na nyingine ya tafsiri yako: tarehe ya kawaida, longitudo ya Greenwich, hektopaskali. Nguvu ya upepo iliyoandikwa kwa maneno ibaki maneno kwenye safu ya kwanza. Jeshi la Majini la Uingereza lilianza kutumia rasmi namba za Beaufort, yaani ngazi za nguvu ya upepo, 1838 tu. Wenye kuunganisha safu hizo ili jedwali lipendeze huwafungia wengine njia ya kukagua.

Si kila kitu kifunguliwe kwa pamoja. Daftari la safari hutaja mabaharia walioadhibiwa, na majarida ya madaktari wa meli hutaja maradhi yao kwa majina. Uingereza hukadiria maisha ya mtu kuwa miaka 100 inapopima kama rekodi ya mtu binafsi yaweza kufunguliwa. Kwa hiyo tenganisha mafungu mapema: hali ya hewa na mahali meli ilipo vyaweza kutangulia, orodha za wagonjwa zikisubiri zamu yake. Kila mstari uwe na kiungo cha picha ya ukurasa wake, na sahihisho lolote liongezwe na tarehe yake bila kufuta lililokuwapo.